Kijana wa Mitambo ya Hospitali Asiachwe Peke Yake



Mtu asimamaye Talatala katika mwezi wa Aprili haulizi mvua itanyesha lini; huuliza itakatika lini. Uwanda wa Kyela, uliolala kati ya nyanda za juu za Rungwe, milima ya Livingstone na Ziwa Nyasa, hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo yote hushusha maji yake huko huko. Mvua hiyo ndiyo inayowapa wananchi mpunga na kakao. Lakini mvua hiyo hiyo hujaza mashimo ya vyoo, huleta radi, hukata umeme, na kupenyeza unyevu ndani ya kila kitu chenye waya.

Wenyeji wanaijua hali hiyo na wamejipanga nayo. Mwenye nyumba huinua msingi. Mkulima haachi mpunga wake uwanjani wingu likitanda. Swali la mazungumzo haya ni hili: katika zahanati, kituo cha afya na hospitali, ni nani anayelitazama wingu kwa niaba ya mashine?

Yupo mtu wa kazi hiyo, ingawa wananchi wengi hawamjui. Daktari anajulikana, muuguzi anajulikana, hata mlinzi wa langoni anajulikana. Asiyejulikana ni mhandisi au fundi sanifu wa majengo, mitambo na vifaa tiba. Huyu ndiye anayehakikisha kwamba maji yanapanda mpaka kwenye tangi, kwamba jenereta linawaka umeme ukikatika, kwamba jokofu la chanjo halipandi juu ya nyuzi 8 wala kushuka chini ya nyuzi 2 za Selsiasi, kwamba mashine ya kutakasa vyombo kwa mvuke inafika nyuzi 121 na kukaa hapo muda unaotakiwa. Ndiye anayetazama kama shimo la maji machafu limepandwa na maji ya ardhini, na kama waya wa radi bado umeshika ardhi. Akiifanya kazi yake vizuri, hakuna anayemwona. Akishindwa, mgonjwa ndiye wa kwanza kujua.

Tuchukue mfano mmoja tu. Hewa tunayovuta ina oksijeni kiasi cha asilimia 21. Iko mashine inayoichuja hewa hiyo na kumpa mgonjwa oksijeni nyingi zaidi. Shirika la Afya Duniani linataka kiwango chake kisipungue asilimia 82. Vumbi na unyevu vikiingia ndani yake, kiwango hushuka kidogo kidogo. Mashine haizimiki. Taa yake inawaka, inanguruma kama kawaida, na mtoto mwenye nimonia amefungwa mpira puani. Muuguzi anaona kila kitu kimekamilika. Lakini kinachotoka kwenye mpira ule huenda kimekaribia hewa ya barabarani. Bila mtu mwenye kipimo, na aliyefundishwa kukitumia, hakuna atakayejua kwa nini mtoto yule hapati nafuu. Basi mashine inayonguruma siyo lazima iwe mashine inayofanya kazi, na tofauti kati ya hizo mbili ni uhai wa mtu.

Ndugu wananchi, Taifa hili halikuanza jana kujenga huduma za afya vijijini. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, miaka ya 1970 ilikuwa miaka ya kupeleka zahanati na vituo vya afya kwa wakulima. Mwaka 2007 ulianzishwa Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, uliolenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa Shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa ili kukabili madhara ya UVIKO-19, na sehemu ya fedha hizo ilinunua mashine za mionzi, vifaa vya wagonjwa mahututi na mitambo ya kuzalisha oksijeni. Wananchi wamechimba misingi, wamesomba mchanga na kufyatua matofali. Majengo yapo, na mashine zimefika mahali ambapo baba zetu hawakuota zingefika.

Lakini jengo la hospitali halimaliziki siku ya kukata utepe. Siku ile ndipo linapoanza kuchakaa. Na uchakavu hauko Tanzania peke yake. Mwaka 2011 watafiti Lora Perry na Robert Malkin walichapisha taarifa iliyokusanya hesabu za vifaa vya hospitali zaidi ya 110,000 katika nchi 16 zenye uwezo mdogo. Waliona kwamba karibu asilimia 38 ya vifaa hivyo havikuwa vikifanya kazi. Kati ya kila mashine kumi, karibu nne zilikuwa samani tu.

Mtu akisikia hivyo husema haraka: ni umaskini, ni ukosefu wa vipuri kutoka nje. Jibu hilo ni rahisi, lakini sehemu yake kubwa si kweli. Mwaka 2010, Malkin na mwenzake Allison Keane walichapisha uchunguzi wa maombi 2,849 ya matengenezo kutoka hospitali za nchi maskini. Waligundua kwamba asilimia 66 ya vifaa vilivyokuwa vimelala vingeweza kurudishwa kazini kwa stadi 107 tu, bila kuagiza vipuri vya nje. Si stadi za miujiza hizo. Ni kazi kama kubadili fyuzi, kusafisha kichujio, kutengeneza plagi, kurekebisha bomba, kumwonyesha mtumiaji namna ya kuitumia mashine. Kwa hiyo kilichokosekana, kwa sehemu kubwa, si kipande cha chuma kutoka Ulaya. Kilichokosekana ni mtu aliyeandaliwa.

Je, watu hao hawafundishwi? Wanafundishwa. Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano na Ujerumani Magharibi ya wakati ule, kinatoa stashahada ya uhandisi wa umeme na vifaa tiba. Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Muhimbili nazo zimeingia katika fani hiyo. Vijana wanahitimu. Tatizo linaanzia pale kijana anaposhuka kwenye basi akiwa na cheti chake mkononi.

Yafaa tumtazame kijana huyo, maana yuko katika wilaya nyingi za nchi hii. Anaripoti Jumatatu. Anapokewa vizuri, anapewa barua na kuonyeshwa chumba. Ndani ya chumba mna lundo la mashine mbovu zilizorundikwa miaka mingi, na hakuna daftari linaloeleza hata moja iliharibika lini wala iliharibikaje. Sanduku la zana hakuna. Ipo bisibisi moja iliyopinda. Vitabu vya maelekezo vimepotea, au vimeandikwa kwa lugha asiyoijua. Chuoni alifundishwa mashine moja ikiwa juu ya meza, kavu, yenye umeme usioyumba. Hapa anaikuta mashine ya aina nyingine, imekula unyevu wa Ziwa Nyasa, na umeme unapanda na kushuka.

Jumanne anaitwa chumba cha upasuaji: taa imezimika. Jumatano pampu ya maji. Alhamisi, badala ya kazi ya hospitali, anaitwa nyumbani kwa mkubwa mmoja kutengeneza pasi. Hana wa kumwuliza. Ni fundi peke yake katika wilaya nzima, na watu wote wanamwita “injinia”. Jina hilo linampa heshima, lakini pia linamfunga mdomo, kwa sababu injinia hasemi “sijui”. Ndipo inapozaliwa hatari kubwa kuliko ubovu wa mashine. Kijana anaanza kubahatisha. Anafunga kifuniko, anaona taa inawaka, anasema “imepona”. Baada ya mwaka mmoja au miwili amekata tamaa: anaomba uhamisho, anaacha kazi akauze simu mjini, au anabaki na kuwa mtu wa kusaini karatasi.

Wako watakaosema kijana huyo ni mzembe. Kabla ya kumhukumu, kila msomaji na ajiulize jinsi fani yake ilivyomlea yeye.

Daktari mhitimu hakabidhiwi wodi siku ya kwanza. Hupitia mwaka mmoja wa mazoezi chini ya madaktari waliomtangulia. Mwalimu hupelekwa katika mazoezi ya kufundisha, mkufunzi akiwa ameketi nyuma ya darasa na andalio la somo mkononi. Hata katika siku za shida hakuachwa. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi ilipotaka watoto wote waingie shule, walichukuliwa vijana waliomaliza elimu ya msingi wakafanywa walimu wa UPE. Hawakutupwa darasani tu. Walijifunza huku wakifundisha, kwa masomo ya posta na ya redio, na kwa wakufunzi waliowafuata huko huko shuleni. Wengi waliwacheka. Lakini wamo miongoni mwao waliokuja kuwa walimu wakuu, na wamo miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu waliojua kusoma kwa mikono yao.

Wahandisi nao wana utaratibu wao. Tangu mwaka 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango ambao mhitimu wa chuo kikuu hufanya kazi kwa miaka mitatu chini ya mhandisi mzoefu, akiandika taarifa za kazi yake, ndipo asajiliwe kuwa mhandisi kamili. Kuanzia mwaka 2010 serikali ya Norway ilisaidia wahandisi wanawake kuingia katika mpango huo. Ni mpango mwema. Lakini kijana mwenye stashahada anayepelekwa kwenye wilaya ya pembezoni mara nyingi hukutana na mashine zake bila mlezi yeyote. Anayeshika uhai wa watu kila usiku ndiye aliyepata malezi haba kuliko wenzake wote.

Wala malezi ya namna hiyo si jambo geni katika nchi ya Kyela. Wanyakyusa wa zamani walikuwa na vijiji vya rika, ambavyo mtaalamu Monica Wilson aliviandika katika kitabu chake cha mwaka 1951. Vijana wa kiume wa umri mmoja walitoka majumbani wakajenga vibanda vyao, wakawa na kijiji chao. Mgeni angedhani wametupwa. La hasha! Walirudi kula kwa mama zao, na mashamba ya baba zao waliendelea kuyalima. Kisha, wakati ulipowadia, ilifanywa sherehe kubwa ya ubusoka, ambapo wazee waliwakabidhi vijana uongozi wa nchi mbele ya watu wote. Wazee walijua mambo mawili. La kwanza, kijana hawi mtu mzima akibebwa mgongoni. Sharti ajenge kibanda chake mwenyewe. La pili, kibanda chake lazima kiwe mahali ambapo moshi wa jiko la mama unaonekana. Fundi kijana wa hospitali anahitaji mambo hayo hayo mawili: kazi iliyo yake, na nyumbani pa kurudi kuuliza.

Basi yafanyike nini? Mambo yafuatayo hayahitaji kusubiri bajeti ya miaka mitano.

Kwanza, kila fundi kijana awe na mlezi anayejulikana kwa jina na kwa barua. Kyela iko umbali wa kilomita zaidi ya 100 kutoka Mbeya, penye hospitali ya rufaa ya kanda na chuo kikuu cha sayansi na teknolojia. Umbali huo si kisingizio katika zama za simu ya mkononi. Mlezi apigiwe kila wiki, kijana aende kwake kwa siku kadhaa kila robo ya mwaka, na mlezi naye afike wilayani aone kwa macho yake. Kazi hiyo iandikwe katika majukumu ya mlezi, ili isiwe hisani ya mtu mwema. Na wale mafundi wa zamani wanaoficha ujuzi wakiogopa kupokonywa ugali waelezwe wazi kwamba ujuzi waliupata kwa gharama ya wananchi, na wananchi wana haki ya kuuona ukirithishwa.

Pili, mwezi wa kwanza uwe mwezi wa kuhesabu, si wa kutengeneza. Kijana apite chumba kwa chumba pamoja na muuguzi, waandike kila mashine: aina yake, namba yake, iko wapi, inafanya kazi au haifanyi, nani anaitumia na analalamika nini. Daftari hilo ndilo ramani yake. Ndani ya mwezi huo atajifunza mengi kuliko katika muhula mzima, na wauguzi watakuwa wamemfahamu kama mwenzao, si mtu wa kuitwa wakati wa moto tu.

Tatu, apewe zana na kifungu kidogo cha fedha. Bisibisi, koleo, mita ya kupimia umeme, kipimo cha oksijeni, na akiba ya vitu vya bei nafuu: fyuzi, plagi, vichujio, mipira ya milango ya mashine za kutakasia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpira wa mlango ukichakaa, mvuke huvuja, joto halifiki, na vyombo vya kujifungulia vinatoka vikiwa vimelowa bila kutakata. Huo ni ufa. Ukuta wake ni maambukizi ya mama mzazi.

Nne, aketi katika kamati inayonunua na kupokea vifaa. Mara ngapi msaada umepokewa kwa ngoma, na baadaye ikaonekana mashine imetengenezwa kwa umeme wa volti 110, ilhali umeme wetu ni volti 230? Kijana huyu ndiye awezaye kuuliza mapema: kitabu cha maelekezo kiko wapi? Vipuri vinapatikana wapi? Nani atawafundisha watumiaji? Jengo litastahimili masika ya Kyela? Kumwuliza kabla ya kununua ni bure. Kumwuliza baadaye ni ghali.

Tano, apewe ruhusa ya kusema “sijui”. Hili haligharimu hata senti moja, lakini ndilo gumu kuliko yote, kwa maana linadai unyenyekevu wa wakubwa. Mganga mfawidhi anayemkaripia fundi mbele ya watu kwa kusema “hii sijaielewa, nitamwuliza mlezi wangu” anamfundisha kudanganya. Anayemjibu “vema, mwulize, mashine na isitumike mpaka ujibiwe” ameokoa mtu ambaye hatamjua kamwe. Mkubwa huyo huyo na amlinde kijana dhidi ya wale wanaomwita kutengeneza pasi na majokofu ya majumbani saa za kazi, na dhidi ya wale wanaonyonya mafuta ya jenereta.

Kwa walimu liko jambo la sita. Fundi wa kesho yuko leo katika kidato cha pili, anasoma fizikia kwa kukariri. Kama iko hospitali karibu na shule, wanafunzi na wapelekwe waone shinikizo la mvuke likifanya kazi, waone kwa nini jokofu halisukumwi mpaka likagusana na ukuta, na kwa nini lenzi ya darubini huota ukungu katika nchi yenye unyevu. Wapelekwe wavulana na wasichana sawasawa. Na yule fundi kijana aalikwe shuleni aeleze kazi yake. Mtu anayeeleza kazi yake kwa watoto hujikuta anaiheshimu zaidi.

Zipo hoja mbili zinazosemwa dhidi ya mambo haya. Ya kwanza ni kwamba fedha hazipo. Lakini fedha za kununua mashine mpya hutafutwa na hupatikana. Zinazokosekana ni zile chache za kuitunza iliyopo. Huo si umaskini, ni mazoea. Ya pili ni kwamba kijana akishafundika ataondoka. Huenda. Lakini daftari lake litabaki, wauguzi aliowafundisha kusafisha vichujio watabaki, na yeye mwenyewe akihama atahamia hospitali nyingine ya Watanzania wale wale. Hasara ya kweli ni yule asiyelelewa akabaki, akiwa amechoka na kukata tamaa, akitia saini kwamba mashine imepona.

Ndugu, mvua ya Kyela itanyesha tena. Usiku mmoja umeme utakatika mama akiwa juu ya kitanda cha upasuaji, mkunga ameshika taa ya simu, na kila mmoja anatega sikio kwa ukimya ule unaotangulia mlio wa jenereta. Kuwaka kwake usiku huo hakutategemea hotuba wala utepe. Kutategemea kama Jumamosi iliyopita kijana mmoja aliliwasha kulijaribu, akapima betri, akaona ina kasoro asiyoielewa, akampigia mtu simu, na mtu huyo akapokea.

Mtu wa kuipokea simu hiyo na ateuliwe sasa, kabla masika hayajaingia.